Mapenzi ya Mashine Kuukuu

Methali mbili za Kiswahili zinagombana, wala ugomvi wao haujapata kuamuliwa. Moja husema kuwa ya kale ni dhahabu. Ya pili husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Ya kwanza hutufundisha kuheshimu kilichotutangulia. Ya pili hutucheka kwa kukimbilia kigeni hata kikiwa na madhara. Lakini msomaji akizitazama kwa makini ataona kuwa zote mbili zinahusu mtu yule yule mmoja, ambaye hawezi kukitazama kitu pasipo kuuliza umri wake kwanza. Anayekipenda kitu kwa sababu ni kipya hajakiona bado; na anayekipenda kwa sababu ni cha kale, naye pia hajakiona. Basi je, iko njia ya kuyapenda mambo ya zamani kwa haki, pasipo kuyadanganya wala kudanganywa nayo? Nataka kulichunguza swali hili kwa mfano ambao wazee wetu hawakuujua, yaani mapenzi ya watu wazima wa siku hizi kwa kompyuta na michezo ya kompyuta ya utoto wao.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mtaa wa Akihabara, mjini Tokyo, yako maduka yauzayo mashine za michezo zilizotengenezwa katika miaka ya 1980, nyingine zikiwa zimegeuka rangi ya manjano kwa uzee, na wanunuzi hawakosekani. Huko Uingereza watu wenye mvi hukaa usiku wakizitengeneza kompyuta walizonunuliwa na wazazi wao walipokuwa watoto wa shule. Mwaka 2016 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza mfano mdogo wa mashine yake ya zamani, uliotiwa michezo 30 ndani yake, nao ukagombewa madukani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuko nje ya habari hii, ijapokuwa wengi wetu hatukulelewa na mashine hizo. Mlango wetu ulikuwa simu. Mchezo wa nyoka, aliyekula na kurefuka mpaka akajiuma mwenyewe, ulianza kuonekana katika simu za Nokia mwaka 1997. Na ile simu ndogo ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani na nyoka tumboni, iliuzwa duniani kupita milioni 250. Mtajie nyoka huyo mtu mzima wa Kisumu au wa Mombasa, kisha utazame uso wake. Atatabasamu kama aliyetajiwa rafiki wa utotoni, na baada ya kitambo kidogo atasema kuwa simu za siku hizi hazina raha kama zile.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo yenye kesi. Tabasamu la mtu si la kuhojiwa; lakini akisema kuwa cha zamani kilikuwa bora, amekwisha kutoa ushahidi, na ushahidi lazima upimwe.

Hisia hii ina historia yake. Mwaka 1688 mwanafunzi mmoja wa utabibu, Johannes Hofer, aliandika tasnifu katika mji wa Basel, nchini Uswisi, juu ya maradhi ya watu waliokaa mbali na kwao. Watu hao walijaa huzuni, usingizi wao uliharibika na nguvu zao zikapungua. Hofer aliyaundia maradhi hayo jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na la pili lenye maana ya uchungu. Dawa iliyosadikiwa kuwa bora kuliko zote ilikuwa ni kumrudisha mgonjwa kwao. Baadaye jina lile liliacha kuwa la hamu ya mahali, likawa la hamu ya wakati. Na hapo dawa ya Hofer ikaharibika. Mtu wa Lamu aliyeko Nairobi akishikwa na hamu ya kwao hukata tikiti ya basi. Mwenye hamu ya mwaka 1985 atapanda nini? Hana njia ila kutafuta kitu kilichokuwako mwaka ule, akishike mkononi, akitumaini kuwa wakati wenyewe bado umenata juu yake. Ndiyo sababu watu hununua mashine kuukuu.

Sasa tumpime shahidi. Mashine ya Atari iliyotoka mwaka 1977, ambayo sasa husifiwa kwa machozi, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. Baiti moja huweza kuhifadhi herufi moja. Kwa hiyo aya hii unayoisoma isingeenea ndani yake. Kompyuta ya ZX Spectrum, aliyoiuza Clive Sinclair huko Uingereza kuanzia mwaka 1982 kwa pauni 175 kwa ile yenye kilobaiti 48, ilipokea programu zake kutoka katika kanda za sauti za kawaida. Mtoto aliweka kanda, akabonyeza kitufe, akasikiliza mlio wa kukwaruza kwa dakika kadhaa, na aghalabu mwishoni aliambiwa kuwa kanda haikusomeka, aanze tena. Aliyepitia adha hiyo hakuifurahia. Alinuna, pengine akaipiga mashine kofi. Leo adha hiyo hiyo huisimulia kwa furaha, na mlio ule uliomkera sasa huutafuta ausikie tena.

Ni dhahiri kuwa kumbukumbu ya mtu si kama kumbukumbu ya mashine. Ya mashine hushika yote au hupoteza yote. Ya mtu huchagua, hupanga, hupaka rangi. Hutupa saa za kungoja na kuhifadhi dakika ya ushindi. Zaidi ya hayo, huchanganya kitu na vilivyokizunguka. Anayesema kuwa mchezo wa zamani ulikuwa mtamu huenda anakumbuka kaka yake aliyeketi karibu naye, ambaye sasa hayupo. Au sauti ya mama akiita watoto waje wale. Au ule uhuru wa jioni usiokuwa na deni wala kodi ya nyumba. Hayo yote yalikuwa matamu kweli, lakini si sifa za mashine. Mashine ilikuwa shahidi tu wa furaha iliyotoka kwingine, na mtu akimshukuru shahidi kwa zawadi amekosea mlango.

Na iko hila nyingine. Vya kale tunavyovikumbuka ni vile vilivyostahili kukumbukwa. Vibovu vilikwisha kufa, navyo havisimami mbele yetu kupinga sifa za wenzao. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitaka mchezo unaotokana na filamu ya E.T. uwahi sikukuu ya Krismasi, na Howard Scott Warshaw akapewa kama wiki tano tu za kuutunga. Ulitoka, ukachosha wachezaji, na kaseti zake zikabaki kwa wingi mno. Mwaka uliofuata biashara yote ya michezo hiyo nchini Marekani ilianguka vibaya. Atari ikachukua shehena za kaseti zisizouzika, za mchezo huo na za mingineyo, ikazifukia katika jalala la mji wa Alamogordo, jimboni New Mexico. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 watu walikwenda kulichimba jalala hilo, wakatoa kaseti zipatazo 1,300. Takataka zile sasa zilikuwa hazina: nyingine ziliuzwa kwa mnada, nyingine zikawekwa katika majumba ya makumbusho. Mchezo ule haukupata kuwa mzuri kwa kulala mchangani miaka 30. Kilichobadilika ni sisi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kuwa nimekwisha kutoa hukumu, kuwa hamu ya kale ni uongo mtamu na mwenye akili auepuke. Sivyo. Shahidi anayependelea upande mmoja huweza bado kusema kweli kwa baadhi ya maneno yake, na kazi ya mwamuzi ni kuyapepeta, apate chembe katika makapi. Nami naona kuwa chembe zimo, tena si chache.

Chukua mchezo wa Space Invaders, alioutunga Tomohiro Nishikado huko Japani mwaka 1978. Katika mchezo huo majeshi ya viumbe kutoka angani, 55 kwa idadi, hushuka kwa safu, na mchezaji huwapiga kutoka chini. Mashine ya wakati ule ilikuwa dhaifu. Kuwachora viumbe wote 55 kuliielemea, kwa hiyo walijongea polepole. Kila mchezaji alipoua mmoja, mzigo wa mashine ulipungua, na waliosalia wakaenda kwa kasi zaidi; hata yule wa mwisho alikimbia kama aliyefiwa na ukoo mzima na sasa anataka kisasi. Mtunzi hakuwa amekusudia hivyo. Ila alipoona kuwa udhaifu wa mashine umeutia mchezo hofu na mapigo ya moyo, aliuacha ubaki. Au chukua Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezo mzima uliojaa nchi, mapango, bahari na ngome, nao haukupita kilobaiti 40, pungufu ya picha moja tunayopiga leo kwa simu. Wachoraji wake hawakuwa na nafasi ya kuchora kila kitu, basi wakatumia umbo moja kwa mambo mawili: wingu la mbinguni na kichaka cha ardhini ni mchoro ule ule, ila moja limetiwa rangi nyeupe na cha pili kijani. Mamilioni ya watoto walipita hapo bila ya kugundua.

Huo ni ustadi wa kweli, wala hauhitaji machozi ya mtu yeyote ili uonekane. Fundi seremala aliyepewa ubao mfupi akatoa kiti kizima asipoteze hata kipande anastahili sifa leo kama alivyostahili jana. Hata hivyo lazima nitahadhari, kwa maana wako wanaosikia habari hizi wakakimbilia kusema kuwa uhaba ni mwalimu mwema na wingi ni mharibifu. Hao aghalabu ni watu walioshiba. Uhaba huua vipaji vingi kuliko vile unavyovikuza, nasi huvihesabu vile tu vilivyookoka. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kuwa watu fulani walipobanwa hawakulalamika, bali walikijua chombo chao mpaka kucha na nywele, na ujuzi wa namna hiyo ni mzuri popote uonekanapo.

Kwa fikira zangu, hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, nalo halihusu michezo hasa. Kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ile, kama BBC Micro iliyotoka Uingereza mwisho wa mwaka 1981, na Commodore 64 ya mwaka 1982, zilikuwa na tabia moja ya ajabu. Ulipoziwasha hazikukuonyesha duka, wala picha, wala habari za watu wengine. Zilikuonyesha maneno machache na alama ndogo, kisha zikanyamaza. Zilingoja amri yako. Mtoto asiyejua la kuziambia hakupata kitu. Na aliyetaka kupata kitu alilazimika kujifunza lugha yao. Magazeti ya wakati huo yalichapa programu nzima, mstari kwa mstari, na watoto wakazinakili kwa vidole usiku kucha. Nukta moja ikikosewa, programu ilikataa. Na katika kuitafuta nukta hiyo mtoto alifahamu, bila ya kuambiwa na mwalimu, jinsi wazo moja linavyoshikana na jingine.

Linganisha na simu iliyomo mfukoni mwetu leo. Nguvu zake hazina kifani. Mashine zile za kale mbele yake ni kama mtumbwi mbele ya meli. Lakini huifunguki ila kwa milango iliyokwisha kupangwa na wengine, na ndani yake mwenyewe hukaa kama mgeni mheshimiwa, anayekaribishwa, anayelishwa, wala haonyeshwi jikoni. Mtu anaweza kuimiliki miaka kumi asijue hata chembe ya namna inavyofanya kazi. Sasa yule mtu mzima anaposema kuwa zamani kulikuwa na raha, huenda raha anayoitafuta ni hii: kuwa aliwahi kukijua chombo kimoja chote, juu mpaka chini, naye alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Hilo si uongo wa kumbukumbu. Hilo lilikuwako na limepotea.

Na kupotea kwake kulionekana na watu wenye macho. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Eben Upton na wenzake waliona kuwa vijana waombao kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja wanajua mambo machache kuliko waliowatangulia. Waliotangulia walikuwa watoto wa zile mashine zilizongoja amri. Upton na wenzake wangeweza kukaa kitako wakasikitika. Wangeweza pia kukusanya mashine kuukuu wakazipanga rafuni. Walichofanya ni kuunda kompyuta ndogo mpya, Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, aina yake moja ikiuzwa kwa dola 35, ili kwamba mtoto aweze tena kuwa na chombo cha kuamrisha na kuharibu pasipo kuchapwa. Aina zake za kwanza waliziita A na B, majina yaliyoazimwa kutoka kwa BBC Micro. Hii ndiyo hamu ya kale ninayoiheshimu. Haikutaka kurudi mwaka 1982. Iliuliza ni kitu gani hasa kilichokuwa chema mwaka huo, ikakitenga na vumbi lake, ikakileta mpaka leo.

Liko swali jingine ambalo wapenzi wa mashine hizi huligombania, nalo ni la kifalsafa kuliko wenyewe wanavyojua. Kitu cha kale hakidumu. Kapasita za ndani huvuja na kuila bodi, plastiki hukatika, kaseti za mchezo wa The Legend of Zelda zilizouzwa Marekani mwaka 1987 zilikuwa na betri ndogo ya kulinda hatua aliyofikia mchezaji, na betri ikifa, hatua zote zilizohifadhiwa hufa pamoja nayo. Basi fundi hutoa kapasita akatia mpya, hutoa betri akatia mpya, hutoa waya na hata kasha la nje. Je, mashine hiyo ni ile ile? Watu wa pwani wanalijua swali hili kwa jahazi. Ubao wa kwanza ukioza hubadilishwa, kisha wa pili, kisha mlingoti, kisha tanga. Baada ya miaka mingi hakuna kipande kilichobaki cha jahazi la kwanza, na bado nahodha huliita kwa jina lake la zamani, na hakuna bandarini amwambiaye kuwa amesema uongo.

Swali huwa gumu zaidi pasipobaki hata umbo. Colossus, kompyuta iliyoundwa na Tommy Flowers na wenzake ili kusaidia kuzifumbua siri za Wajerumani vitani, ilianza kazi Bletchley Park mapema mwaka 1944. Na vita vilipokwisha zilikuwako kumi. Baadaye nyingi zilivunjwavunjwa na michoro ikachomwa moto kwa amri, ili siri isitoke. Mwaka 1993 Tony Sale alianza kuiunda upya kutokana na picha chache na vipande vya michoro ambavyo mafundi walikuwa wamejihifadhia kinyume cha amri. Akaimaliza mwaka 2007. Iliyosimama pale leo si Colossus ya vita. Lakini inafanya kazi ile, kwa namna ile, na anayeitazama ikifanya kazi hujifunza jambo ambalo picha ya ile ya asili haiwezi kumfundisha. Hali kadhalika programu ya MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, huifanya kompyuta ya leo iige tabia za mashine za kale, na michezo yao huchezeka ingawa mashine zenyewe hazipo.

Mimi naona kuwa mchezo unafanana na wimbo. Wimbo haukai ndani ya ngoma. Ngoma ikipasuka, wimbo ungaliko maadamu yuko ajuaye kuuimba. Kwa hiyo anayecheza mchezo wa kale katika mashine ya leo ameucheza mchezo wenyewe, wala hana haja ya kuona haya mbele ya tajiri aliyenunua kaseti ya asili. Ila wapinzani wangu wana hoja moja nisiyoweza kuivunja yote. Mchezo wa Duck Hunt wa mwaka 1984 huchezwa kwa bastola ya bandia iliyotambua mwako wa televisheni za zamani, zile zenye kisogo kirefu. Mbele ya televisheni bapa za leo bastola hiyo ni kipofu. Na wachoraji wa wakati ule waliijua ile taswira yenye ukungu kidogo ya vioo vya wakati wao, wakachora wakiitegemea. Picha zao zikionyeshwa leo kwa ukali wote huonekana kama mtu aliyeamshwa usingizini kabla ya kunawa uso. Nyimbo nyingine, basi, zimeshikana na ngoma zao kuliko nyingine.

Kama michezo hii ina thamani, ni nani mwenye haki ya kuiokoa? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za uandishi, na nchi nyingi hufanya vivyo hivyo. Ni haki: aliyetunga ana jasho lake. Lakini mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilitangaza uchunguzi ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa katika nchi hiyo haipatikani tena kwa kununua. Mwenye mali haiuzi, haitunzi, wala haruhusu mwingine aitunze. Wala mwenye mali si mtunzi sikuzote. Alexey Pajitnov aliutunga mchezo wa Tetris huko Moscow mwaka 1984, akiwa mfanyakazi wa Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti. Haki zikashikwa na serikali, mchezo ukaenea ulimwengu mzima, naye hakuanza kupata mapato yake mpaka mwaka 1996.

Wengi hunakili michezo ya kale kinyume cha sheria na kujiita wahifadhi. Tuseme kweli juu yao. Anayenakili mchezo unaouzwa leo dukani, ili asiulipie, ni mwizi, hata akijivika kanzu ya mhifadhi. Anayenakili kilichoachwa kioze, ambacho hata mwenye fedha hawezi kukinunua, hajamnyang'anya mtu lolote. Ila naye amejichukulia mwenyewe uamuzi ambao ungepasa uwe wa watu wote kwa njia ya sheria. Kwa hiyo lawama kubwa zaidi naiweka kwa watunga sheria. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba ziwafikishie watafiti walio mbali michezo zilizoihifadhi. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa hofu kuwa watu wangeitumia kujifurahisha. Sijapata kusikia mkutubi akimwuliza aazimaye riwaya kama amekusudia kuifurahia.

Nimebakiza shahidi mmoja, naye ndiye anayenitia shaka ninapotaka kusema kuwa mapenzi haya yote ni mtu kujililia ujana wake. Toleo la Tetris lililotolewa kwa mashine ya Nintendo mwaka 1989 halikupewa mwisho na watunzi wake. Vipande vilishuka kwa kasi iliyozidi hatua kwa hatua, na kwa miaka mingi wachezaji waliamini kuwa hatua ya 29 ndiyo ukuta, kwa maana vidole vya binadamu haviwezi kuwahi zaidi ya hapo. Kisha wakatokea wachezaji wapya, walio wengi wao vijana ambao hawakuwa wamezaliwa kaseti ile ilipotoka, wakabuni namna mpya za kuvibonyeza vitufe, wakaupita ukuta. Tarehe 21 Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, akicheza nyumbani mbele ya televisheni ya kisogo, alifika hatua ya 157. Hapo hesabu za mashine zikavurugika, vipande vikaganda hewani, na mchezo ukasimama. Alikuwa binadamu wa kwanza kuufikisha mahali pale, miaka 34 baada ya kutengenezwa. Mvulana huyo hakuwa na utoto wa kuukumbuka kwa machozi. Alikuwa bado yumo ndani yake.